Karwirwa na Kobe wa Chuma

Ukiwa Karurumo unatafuta kamba ya ng'ombe, hakuna atakayekuuliza unataka ya aina gani. Watakuuliza tu, "Umefika kwa Karwirwa?" Kisha watakuonyesha njia ya chini, ile inayoteremka upande wa Mbeere, ambako udongo huanza kuwa mwekundu na makonge huota yenyewe. Huko utamkuta amekaa juu ya gunia, mguu wa kulia ameunyoosha, leso ameipandisha juu ya goti, anasokota nyuzi za katani juu ya paja. Anaziweka mbili, anazisukuma kwa kiganja, shaa, anazirudisha, shaa, na kamba inatoka upande wa pili kana kwamba ilikuwa imejificha ndani yake siku zote. Paja hilo limekuwa gumu na linang'aa kama mpini wa jembe la zamani. Watoto hulitazama wakaogopa kuuliza. Mwenyewe husema, "Hii si ngozi tena. Hii ni meza yangu ya kazi."

Kamba ikiisha kusokotwa haitolewi hapohapo. Mama yake, Karimi, aliyeolewa hapa kutoka Nkubu, alimfundisha kwamba kamba mpya ni kama mtoto mchanga, usipoipaka mafuta itapasuka. Kwa hivyo Karwirwa huponda mbegu za mbarika, huzichemsha, huengua mafuta yake mazito yenye harufu ya kukaba koo, na huyapaka tumbo la kamba. Miisho haigusi, kwa sababu miisho ni ya kufunga fundo, na fundo halitaki utelezi. Tumbo ndilo linalosugua mti na jiwe na pembe ya ng'ombe. Kamba yake iliyokula mbarika hukaa miaka saba.

Aliolewa, akafiwa na mume mapema, akarudi kwao kwa mdogo wake Munyi, na hakuna aliyemwona akilalamika. Lakini kuna jambo moja alilolibeba tangu utotoni, na ili ulijue lazima kwanza ulione jiwe la Ngurunga.

Ngurunga ni ukuta wa jiwe, kutoka kwao ni mwendo wa kuchunga mbuzi asubuhi moja. Kimo chake ni kama nguzo tatu za simu ukizisimamisha moja juu ya nyingine. Limesimama wima, jeusi kwa machozi ya mvua za zamani, na karibu na kilele kuna pango dogo ambako nyuki wameishi kabla babu za watu hawajazaliwa. Ukikaa chini yake kimya, unasikia mngurumo mdogo juu, kama jiwe lenyewe linapumua. Karwirwa alipokuwa msichana alidhani hivyo kweli.

Baba yake, Mwaniki, alikuwa mtu wa asali. Alikuwa akishukia pango hilo kutoka juu, kamba imezungushwa kwenye shina la mti kileleni na mtu mwingine ameishika. Na kwao kulikuwa na sheria: anayeshika kamba asiwe mtu atakayerithi mbuzi wa anayening'inia. Kwa hivyo shemeji ndiye aliyeshika siku zote. Lakini siku moja ya mwaka wa sabini na mbili shemeji hakufika, na Muchangi, mdogo wa Mwaniki, akasema, "Wacha nishike mimi. Sisi ni wa tumbo moja, kuna nini?"

Mwaniki alianguka. Hakufika barabarani akiwa hai. Muchangi alilia mbele ya watu wote akasema, "Kamba ilikatika."

Karwirwa alikuwa na miaka kumi na miwili. Yeye ndiye aliyeambiwa aibebe ile kamba nyumbani, na njiani aliipitisha mikononi, mwisho hadi mwisho, akitafuta mahali ilipokatika. Ilikuwa nzima. Alimtazama mama yake, na mama yake akamtazama yeye, wakanyamaza wote wawili. Muchangi hakuchukua hata mbuzi mmoja wa marehemu. Alikaa kwake, akazeeka, akachunga wake wachache kando ya Ngurunga kila siku, na hakuna aliyewahi kumwona akiinua macho kulitazama pango.

Basi miaka ishirini na minne ikapita na nyuki wakala asali yao wenyewe.

Mwaka wa tisini na sita Munyi alitaka kumwoa Caroline, binti wa watu wa Runyenjes. Wakwe walikuwa watu wa kanisa, pombe hawataki kuisikia, lakini asali walisema lazima, tena ya jiwe, madebe mawili, kama alivyopeleka Mwaniki kwa watu wa Nkubu alipomwoa Karimi. Mizinga ya Munyi ilikuwa imekauka kwa kiangazi. Asali ya jiwe ilikuwa mahali pamoja tu.

"Nitapanda Ngurunga," Munyi alimwambia dada yake siku moja wakila githeri.

Karwirwa aliweka kijiko chini. "Na nani atashika?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Utarithi mbuzi wangu?"

"Mimi sirithi hata jogoo hapa."

"Basi. Kamba ni yako."

Alicheka, naye Karwirwa akacheka, lakini kijiko hakukiokota tena.

Munyi hakuwa mjinga. Msimu uliopita alikuwa amebeba mizigo ya wageni mlimani pamoja na Kiambi, kijana wa Chogoria ambaye kazi yake ni kuwapandisha wageni kwenye miamba ya juu. Kiambi alikuja Karurumo na mfuko mgongoni, kofia ya sufu kichwani ingawa jua lilikuwa la kuchoma mawe. Alilizunguka Ngurunga kwa nyuma, akapanda mpaka kileleni kwa miguu, akatafuta jiwe lisilotikisika, akalizungushia mikanda miwili minene, na kwenye mikanda hiyo akatundika pete mbili za chuma zenye milango ya kufungwa kwa kuzungusha. Kamba yake ilipita kwenye pete hizo, ncha zote mbili zikafika chini.

"Hatushuki kutoka juu kama wazee," alieleza. "Munyi anapanda kutoka chini. Ncha moja iko kwake kiunoni, inaenda juu, inarudi kwako, mama. Akipanda, wewe unavuta ile inalegea. Akiteleza, unamshika hapohapo. Akimaliza, unamteremsha."

"Mimi na kilo zangu hizi?" Karwirwa aliuliza. "Si ataninyanyua niende kumsalimia huko juu?"

"Ndiyo maana tutakufunga kwa huo mkuyu hapo nyuma."

Kisha Kiambi akatandaza gunia akaweka juu yake vyuma viwili. Kimoja kilikuwa na umbo la nane. Cha pili kilikuwa kinene, cha kujaa kiganja, kina mabawa mawili ya bati gumu yaliyofunikana na mpini mdogo uliokunjwa pembeni.

"Mama, chagua."

"Nichague nini na sijui vinakula nini?"

Hapo ndipo Kiambi alipofanya jambo ambalo Karwirwa hakulisahau. Alijaza gunia udongo mpaka likawa na uzito wa mtu, akalifunga kwenye ncha ya kamba, wakalivuta wote watatu mpaka likaning'inia mbali na ardhi. Alikuwa amepitisha kamba kwenye ile nane. "Hii iko sawa," alisema. "Nimeitumia miaka. Lakini inafanya ile kitu mkono wako unafanya. Mkono ukilala, na yenyewe inalala." Akaachilia. Gunia lilishuka kama jiwe kisimani, likapasuka, na vumbi likawafunika wote.

Karwirwa, katika vumbi lile, alikuwa akimwona baba yake akianguka.

Wakajaza gunia jingine. Safari hii Kiambi alikifungua kile chuma kinene, bawa moja likazunguka kando, na ndani kukaonekana kitu cha mviringo kama ulimi. Akauzungushia ulimi huo kamba, akafunga bawa, akakifungia kwa pete yenye mlango kwenye mshipi wake wa kupandia, ule unaozunguka kiuno na mapaja. Gunia likapanda. Akaachilia.

Tak.

Gunia lilishuka upana wa mkono, likasimama hewani. Likayumba kidogo, kama mtu anayewaza.

Karwirwa alisogea. Aliinama akakitazama kile chuma kwa karibu, jinsi kamba ilivyoingia ikabanwa, jinsi ulimi ulivyogeuka wenyewe bila mtu kuuambia. Alikuwa ameshika kamba maisha yake yote na hakuwahi kujua kwamba kamba inaweza kushikwa na kitu kisichochoka, kisichopiga chafya, kisichodungwa na nyuki.

"Huyu ni kobe," alisema polepole. "Amevuta shingo ndani akafunga mlango."

"Basi umechagua kobe?"

"Huyu huyu."

"Sikiza masharti yake. Hali kila kamba. Hii yangu ni nene kama kidole chako cha mwisho, ndiyo anaipenda. Nyembamba sana itampita, nene sana itamkwama."

Munyi akachukua moja ya kamba za katani za dada yake akajaribu kuiingiza. Haikuingia hata nusu. "Kobe ana dharau," alisema.

"Hata ingeingia, ya katani ni ya ng'ombe, si ya mtu kuanguka nayo," Kiambi akamjibu. "Sasa mama, tazama hapa kwa bawa. Umeona picha?"

Karwirwa alikuwa amesoma mpaka darasa la tatu tu, lakini picha haihitaji darasa. Kulikuwa na kimtu kidogo kimechorwa upande mmoja, na mkono umechorwa upande wa pili. Kamba ya anayepanda itoke kwenye kimtu, kamba ya anayeshika itoke kwenye mkono. "Ukigeuza," Kiambi alisema, "kobe amekufa. Ndiyo maana ukishafunga, vuta kwa nguvu ile ya Munyi. Akiuma, sawa. Asipouma, fungua uanze upya."

Alimfundisha siku mbili. Mkono wa kulia chini, umeshika kamba ya mkiani, ile inayotoka kwa kobe kwenda ardhini. Wa kushoto kuvuta. Kuteremsha, fungua mpini polepole kwa mkono wa kushoto, lakini mwendo unatoka mkono wa kulia. Ukishtuka, achia mpini, usiukamue. Usimkumbatie kobe kwa ngumi, maana ukimkumbatia hataweza kugeuza ulimi. Mwisho wa kamba uwe na fundo, isije ikapita yote. Na kabla ya kupanda, kila mmoja amtazame mwenzake: fundo, mshipi, mlango, kobe.

Munyi akapanda hatua chache, akaruka makusudi. Tak. Kobe akamshika. Karwirwa alifurahi hata akapiga makofi.

Kiambi akamwangalia. "Mama."

"Naam."

"Umepiga makofi kwa mkono upi?"

Karwirwa alitazama mikono yake. Yote miwili ilikuwa hewani. Munyi alikuwa bado ananing'inia ukutani, anacheka, hajui.

"Leo ameshika," Kiambi alisema bila kupandisha sauti. "Lakini huyu ni msaidizi. Hukuajiri askari wa usiku ili wewe ulale mlango wazi. Mkono wa kulia hautoki kwa kamba. Nyuki, nyoka, mjomba akikuita, hautoki."

"Hautoki," Karwirwa alisema. Na ni kama aliapa.

Jumatano Kiambi aliitwa mlimani, wageni wake walikuwa wamefika. Aliwaachia vifaa vyote akawakumbusha: kamba isikaribie moto, wala mafuta ya gari, wala maji ya betri. "Mimi sina gari," Karwirwa alimwambia, "sembuse betri."

Alhamisi mchana aliikunjua ile kamba uani aitazame. Ilikuwa laini, ya rangi ya bluu yenye vidoti vyekundu, na katikati kabisa ilikuwa na alama nyeusi. Aliipitisha mikononi mwisho hadi mwisho, kama alivyofanya na ile nyingine akiwa na miaka kumi na miwili. Aliona ni nzuri kuliko kamba yoyote aliyowahi kuisokota. Na aliona kitu kimoja kimekosekana.

Ilikuwa kavu.

Kamba itakayombeba mdogo wake, haijaonja mbarika hata tone! Alimwonea huruma Kiambi, mtu wa mlimani, hana mama wa kumfundisha. Akaleta kibuyu. Akapaka tumbo la kamba, huku na huku ya ile alama nyeusi, hatua kumi za kamba, akasugua kwa kiganja mpaka ikanywa yote, kisha akaipangusa kwa kitambaa isichafue mikono. Miisho hakuigusa. Alifanya hivyo akiimba nyimbo za kanisa, na moyo wake ulikuwa mweupe kabisa.

Jumamosi walifika Ngurunga kabla jua halijapasha jiwe, nyuki wakiwa wazito kwa baridi. Walitundika kamba kwenye zile pete. Mzee Muchangi alikuwa hapo na mbuzi wake, mbali kidogo, mgongo ameupa ukuta. Munyi akamsalimia, "Baba mdogo, shikamoo." Mzee aliitika bila kugeuka.

Karwirwa alikuwa amevaa suruali kuukuu ya Munyi kwa sababu ya mshipi. Walitazamana. Fundo. Mshipi. Mlango. Kobe. Alivuta kamba ya Munyi kwa nguvu. Tak. Kobe aliuma vizuri kabisa, kwa kuwa kipande kilichokuwa mdomoni mwake saa hiyo kilikuwa kikavu.

"Tukianguka wote wawili," Munyi alisema, "Caroline ataolewa na mwenye baiskeli."

"Panda, wacha mdomo."

Munyi alipanda. Alikuwa na fungu la magome linalotoa moshi na mfuko wa ngozi begani. Kwa kila hatua yake Karwirwa alivuta, na kamba ilipita kwa kobe, kr, kr, kr. Kichwa kimeinuliwa, shingo inauma, na hakuweza kuacha kushangaa. Mtoto ambaye yeye mwenyewe alimfunga nepi alikuwa anatembea juu ya ukuta. Kila kidole cha Munyi kilipata ufa wake, kana kwamba jiwe lilikuwa limemngoja. Nguzo moja ya simu. Nguzo mbili. Akawa mdogo. Akawa kama yule kimtu aliyechorwa kwenye bawa. Mngurumo wa pango ulipanda, na jua la kwanza likaligusa jiwe juu likawa la dhahabu, na mdogo wake akiwa katikati ya dhahabu hiyo. Karwirwa alisikia machozi yanataka kutoka na hakujua ni ya nini.

Ndipo harufu ikamfikia. Mbarika. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimelowa.

Hakuielewa mara moja. Juu pangoni, Munyi alikata kipande cha kwanza cha sega, cha pili. Kisha mngurumo ukageuka ukawa mluzi, wingu likatoka pangoni, na sauti ya Munyi ikashuka, "Shusha! Dada, shusha!" Akaiachia kamba uzito wake wote kama alivyofundishwa.

Kobe aliuma. Lakini kamba haikusimama.

Ilipita polepole mdomoni mwake, nene, nyororo, kama ugali unavyopita kooni. Karwirwa hakuwa amegusa mpini. Alibana kwa mkono wa kulia na kamba ikapita hata kwenye mkono, ikichoma. Hapo alielewa. Ni mimi. Ni mafuta yangu. Nimempaka ndugu yangu mafuta ya kumtelezesha.

Nyuki wa kwanza alimdunga kwenye kifundo cha kidole cha kulia. Wa pili kwenye kope.

Baadaye alisema kwamba mkono uliomba ruhusa. Uliomba kabisa, kama mtoto anayeomba kwenda nje: niende mara moja tu nifukuze hiki kitu kisha nirudi. Akaunyima. Mkono wa kushoto ndio uliokuwa huru, nao haukwenda usoni. Ulikwenda chini, nyuma ya mkono wa kulia, ukakamata mkia wa kamba, na ukafanya kile ulichokifanya kila siku ya Mungu kwa miaka ishirini na zaidi. Ulileta kamba kwenye paja. Ukaizungusha mara moja, ukaikaza. Mara ya pili. Mara ya tatu.

Kamba iliuma suruali ikaichana. Ikafika kwenye lile paja gumu kama mpini wa jembe, na hapo ikakutana na mwenzake.

Ikasimama.

Munyi alikuwa akiyumba huko juu katika wingu la nyuki, amesimama hewani, na kilichomshika ni vitu vitatu: kobe aliyelewa mafuta, mkono uliovimba, na paja la mwanamke. Karwirwa alivuta pumzi moja. Kisha akaanza kumlegezea, kidogo, kidogo, akiiruhusu kamba izunguke pajani kama anavyoruhusu uzi. Aliimba bila sauti. Munyi akashuka nguzo moja nzima hivyo. Na ghafla, tak! Kobe aliuma mwenyewe, akasimamisha kila kitu. Tumbo la kamba lilikuwa limekwisha pita, na kipande kikavu kilikuwa kimefika mdomoni. Karwirwa alimtazama yule kobe. Hakuwa na kosa lolote. Alikuwa tayari kufanya kazi yake wakati wote, ila alilishwa kitu ambacho meno hayawezi.

Bila kutoa kamba pajani, alifungua mpini polepole, na Munyi akagusa ardhi kwa vidole vya miguu, kama yai linalowekwa kiotani.

Walifungua mafundo wakakimbia mpaka kwenye moshi wa moto waliokuwa wameuacha. Munyi alikuwa na uso wa boga, anacheka, mfuko wake unavuja asali. "Nusu debe! Na huyo kobe! Umeona alivyonileta taratibu? Jina la kobe huyu nitampa mtoto wangu!"

Mzee Muchangi alikuwa amesogea. Safari hii alikuwa amegeuka.

Karwirwa alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Hakuna aliyeona. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa kwa uvimbe, kwa hiyo alimtazama mdogo wake kwa lile moja lililobaki.

"Si kobe," alisema. "Kamba ilikuwa inateleza. Niliipaka mbarika juzi, katikati, sikumwambia mtu. Ulikuwa unaanguka, Munyi, na ni mimi niliyekuangusha."

Munyi aliacha kucheka. Alichukua kamba, akainusa. Aliangalia kiganja cha dada yake, ngozi imetoka, na miiba ya nyuki imesimama kwenye kidole kimoja hata kingine. Aliangalia suruali iliyochanika na paja lenye mistari mitatu myekundu.

Aliyesema ni mzee. Alinyoosha kidole chake kikavu, akagusa kope lake mwenyewe.

"Siku ile nyuki alinidunga hapa," Muchangi alisema. "Hapa tu. Mmoja."

Mbuzi walikuwa wakila. Mzee aliendelea, "Kamba ya Mwaniki haikukatika."

"Najua, baba mdogo," Karwirwa alisema. "Niliibeba mimi."

Mzee akaketi chini pale alipokuwa. Aliomba aonyeshwe kile chuma. Karwirwa akakifungua kutoka kwenye mshipi akampa. Alikigeuzageuza, akausukuma ule ulimi kwa kidole gumba ukarudi wenyewe, akausukuma tena. "Tungekuwa na hiki," alisema.

"Hata na hiki, baba mdogo, bado ni mkono."

Kiambi aliporudi alikasirika kwa mara ya kwanza. Alisema kamba iliyokunywa kitu haiaminiki tena hata ikioshwa, akaikata vipande vinne mbele yao ili asije mtu akasahau akapanda nayo. Alimtoa kobe mafuta kwa maji ya moto, sabuni na mswaki, akamkausha, akamjaribu kwa gunia mara nyingi kabla ya kumrudisha. Kisha akamwuliza Karwirwa amwonyeshe jinsi alivyozungusha pajani. Akamwonyesha. Kiambi alijaribu kwenye paja lake, akaruka akapiga kelele. "Mama, hii ya kwako si ya kufundishwa watu," alisema, na hasira ikamtoka.

Jumamosi iliyofuata walikuwa tena chini ya jiwe na kamba mpya, kavu, ambayo Karwirwa alikuwa ameipitisha yote kwa kobe, hatua kwa hatua, akiivuta na kuijaribu kila mahali, si mwanzo tu. Kiambi alikuwapo. Lilibaki debe moja na nusu, na Kiambi akauliza lile swali ambalo wote walikuwa wakilikwepa.

"Munyi. Leo ashike nani? Mimi niko."

Karwirwa alitazama chini. Alikuwa tayari kufungua mshipi.

Munyi alifunga fundo lake, akalikaza, akalitazama mara mbili. Akamgeukia mzee Muchangi, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe, uso ameuelekeza pangoni.

"Baba mdogo, wewe umewaona Kiambi na dada, wote wawili. Ashike nani?"

Mzee hakuharakisha. "Yule aliyesema ukweli," akajibu.

Munyi akaenda mbele ya dada yake, akainua mikono yake miwili ili akaguliwe.

"Fundo," Karwirwa alisema, akiligusa. "Mshipi. Mlango."

"Kobe," Munyi akamalizia, akivuta kamba. Tak.

Kisha akaweka vidole kwenye ufa wa kwanza. Karwirwa aliukaza mkono wa kulia kwenye kamba, akainua macho, na juu kabisa jiwe lilikuwa linaanza kuwaka.